Raundi 55 au Pinioni Ndogo?

DEREVA WA NJIA: Nianze na ninachokiona kwa macho yangu. Gari langu la rimoti la kukwea miamba, kipimo cha moja kwa kumi, lina mota ya raundi 55. Likifika kwenye jiwe linaegemeza tairi, linajivuta, linapanda. Ukiliwekea mota ya raundi 27, ile ya kopo la rangi ya fedha ambayo Tamiya wamekuwa wakiitia kwenye maboksi yao miaka na miaka, gari hilohilo linapata kiherehere. Ukigusa triga linasita. Ukiongeza kidogo linaruka na kulala chali. Jiwe ni lilelile, kidole kilekile. Kilichobadilika ni idadi ya raundi za waya kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Mtu akiniuliza anunue nini namwambia raundi nyingi ndiyo nguvu nyingi, basi.

MSUKA MOTA: Kiherehere nakubali. Hiyo "nguvu nyingi" siipitishi. Chukua mota mbili za kopo moja, la 540, lenye kipenyo cha milimita 36 hivi. Sumaku zilezile, nafasi ileile ya kulaza shaba. Moja isuke raundi 27, nyingine raundi 54. Nafasi haijaongezeka, kwa hiyo raundi zikiwa maradufu huna budi kutumia waya wenye nusu ya shaba kwenye mkato wake. Waya umerefuka mara mbili na umepungua nusu; upinzani wake kwa umeme unapanda mara nne. Sasa zipe zote volti 7.4 na uzishike shafti zisizunguke. Ile ya 54 inapitisha robo ya ampea za mwenzake. Kila ampea kwake inazaa torki maradufu, ndiyo, lakini robo ukiizidisha kwa mbili unapata nusu. Mota yako ya raundi nyingi ikikwama inasukuma kwa nusu ya nguvu ya ile unayoiona ina kiherehere.

DEREVA WA NJIA: Nani anayekwea mwamba kwa kukwamisha mota na kubana triga hadi mwisho? Hiyo ni hesabu ya mota iliyobanwa kwenye jiliwa. Mimi ninaishi kwenye robo ya triga kushuka chini, na huko ampea moja ya mota yangu inafanya kazi ya ampea mbili za yako. Umesema mwenyewe.

MSUKA MOTA: Nimesema, na sijaondoka hapo. Ila fuata joto.

(Msomaji asiyependa hesabu avumilie mistari michache. Mabishano yote ya mota hizi yamejengwa juu yake, na wengi wanaobishana hawajawahi kuiandika.)

MSUKA MOTA: Tuseme jiwe linadai torki fulani. Mota ya raundi 27 inahitaji ampea 10 kuitoa, ya 54 inahitaji 5. Joto kwenye waya ni ampea mara ampea mara upinzani. Kumi kwa kumi ni 100, mara upinzani wa 1. Tano kwa tano ni 25, mara upinzani wa 4. Mia na mia. Kwa torki ileile, shaba za mota zote mbili zinapata moto sawasawa. Raundi hazijaongeza uwezo wa kopo. Zimebadilisha tu namna kopo linavyoomba umeme: volti nyingi na ampea chache, au kinyume chake. Uwezo wenyewe umo kwenye sumaku na kwenye wingi wa shaba iliyoingia. Na joto hilo si la kupuuza, kwa sababu gari linalotambaa halina upepo wa kulipoza. Sumaku za ferite hupoteza karibu asilimia 0.2 ya nguvu kwa kila nyuzi moja. Kopo likipanda nyuzi 50 umeshapoteza kama asilimia 10 mpaka lipoe, uwe na raundi 20 au 80.

MWENYE DUKA: Fundi, hesabu yako imeishia ndani ya mota. Kuna kidhibiti mwendo, kuna waya, kuna soketi, na kabla ya kuifikia shaba umeme unapita kwenye kaboni. Vyote hivyo vinaumia kwa ampea, torki havijui. Pale kaboni inapogusa komyuteta, pete inayoingiza umeme kwenye amecha, volti zinazopotea hazipungui sana hata ampea zikipungua. Kwa hiyo ampea zikiwa maradufu, joto la pale ni maradufu. Mota zinazorudishwa dukani kwangu zikinuka, mara nyingi shaba ni nzima. Komyuteta ndiyo imegeuka nyeusi.

MSUKA MOTA: Kaboni nakupa, mzee. Waya kati ya kidhibiti na mota nakupa pia. Betri sikupi. Kidhibiti kinafungua na kufunga umeme mara nyingi sana kila sekunde. Gari likitambaa, kinakuwa wazi sehemu ndogo tu ya muda, na kikifunga, umeme unaendelea kuzunguka kati yake na mota bila kuigusa betri. Mota inaweza kuwa na ampea 10 ndani yake huku betri ikitoa mbili kwa wastani. Ndiyo maana watu wanaohama kutoka 27 kwenda 55 wakitegemea betri idumu mara mbili huwa wanashangaa.

DEREVA WA NJIA: Mimi sijashangaa. Yangu inadumu zaidi.

MSUKA MOTA: Kwa sababu unakwenda polepole zaidi. Anayetembea nusu ya mwendo huchelewa kumaliza betri, mota iwe ya aina yoyote.

DEREVA WA NJIA: Basi raundi zimenitia adabu, na hiyo nayo ni faida. Halafu umeruka jambo. Huko kufungua na kufunga umeme, mota ya raundi chache haiupokei vizuri. Koili yake fupi haina subira: umeme unapanda ghafla na kushuka ghafla kila kidhibiti kinapofungua na kufunga, na huo mpando na mshuko unaleta joto lisilosukuma chochote. Koili yenye raundi nyingi inausawazisha.

MSUKA MOTA: Ni kweli, hasa kwa vidhibiti vya zamani vinavyokata umeme taratibu. Andika hiyo upande wako.

MSHINDANI: Naomba niingie, maana mnapimana ampea na mimi pointi zangu zinapotea kwingine. Kwenye mashindano ya Marekani, ambako mchezo huu ndiko ulikokomaa, unapitisha gari kati ya malango yaliyopangwa juu ya miamba. Ukigusa nguzo ya lango unaongezewa pointi, ukirudi nyuma unaongezewa, na mwenye pointi chache ndiye anayeshinda. Sijawahi kusikia mwamba ukiuliza raundi. Unachotaka kujua ni kama tairi inaweza kusogea sentimita moja na kusimama. Kwa hiyo acheni nguvu kidogo, mpige hesabu ya mwendo. Tairi ya kipenyo cha sentimita 12 ina mzingo wa karibu sentimita 38. Gari likitambaa nusu kilomita kwa saa, tairi inazunguka kama mara 22 kwa dakika. Ikiwa gia zote kwa jumla ni 40 kwa 1, mota inazunguka mara 880 kwa dakika. Na hii ni mota ambayo ikiachiwa ingetafuta 20,000! Unaendesha ndani ya asilimia 4 au 5 za kwanza za uwezo wake, na sehemu yote ya triga iliyobaki ni pambo.

DEREVA WA NJIA: Dada, umenisemea. Raundi 55 zinaishusha hiyo 20,000 mpaka nusu, na triga inarudi kuwa na maana.

MSUKA MOTA: Gia zinafanya jambo hilohilo, na zinaongeza juu yake. Toa pinioni, ile gia ndogo kwenye shafti ya mota, ya meno 14, weka ya meno 10. Mwendo umeshuka karibu theluthi, na torki kwenye tairi imepanda kwa asilimia 40. Ukiongeza raundi badala yake, mwendo umeshuka na nguvu ya juu kabisa nayo imeshuka. Mwendesha baiskeli akiukuta mlima hubadilisha gia, habadilishi miguu. Na mfano wa kiwandani upo. TRX-4 ya Traxxas ilitoka mwaka 2017 na mota ya raundi 21, kopo refu la 550. Kwa kanuni yako, gari hilo lilistahili kuwa na kiherehere kisicho na dawa. Linatambaa vizuri, kwa sababu lina giaboksi ya spidi mbili, na kwenye kila ncha ya ekseli kuna gia nyingine inayopunguza mwendo pembeni kabisa mwa tairi. Waliolibuni walitafuta upole kwenye gia, waya wakauacha.

MWENYE DUKA: Na jirani yake kwenye rafu, SCX10 II ya Axial, ililetwa na mota ya raundi 35. Kiwanda hiki kimeona hivi, kile kimeona vile, na magari yote mawili yamenunuliwa. Ila wenye TRX-4 wakirudi kwangu mara ya pili, wengi huniulizia mota ya raundi nyingi zaidi. Sijui mnalielezaje hilo.

MSUKA MOTA: Nalieleza kwamba wamesikia wenzao wakisema.

DEREVA WA NJIA: Au wamechoka na kelele! Tena, fundi, pinioni ina mwisho wake. Shafti ya 540 ina unene wa milimita 3.17. Kwa gia za meno makubwa, ukishuka chini ya meno tisa au kumi hakuna chuma cha kutosha kinachobaki kati ya tundu la shafti na mzizi wa jino, na skrubu ya kubania haina pa kushika. Kwa meno madogo unakwama kwenye 12 au 13. Gia kubwa inayoshirikiana na pinioni nayo haiwezi kukua, itagonga kifuniko chake. Mwenye giaboksi ya kawaida, isiyo na spidi mbili wala gia za ncha za ekseli, ameufikia mwisho wa gia siku aliyofungua boksi. Kilichobaki mkononi mwake ni waya.

MSUKA MOTA: Kilichobaki ni krauni, gia kubwa za ndani ya ekseli, na pinioni zake. Zinauzwa.

MWENYE DUKA: Zinauzwa, na bei zake ninazibandika mimi. Krauni na pinioni za ekseli mbili, pamoja na mchana mzima wa kufumua gari, dhidi ya mota isiyofika dola 30 inayofungwa kwa skrubu mbili. Anayeanza atachagua nini?

MSUKA MOTA: Kilicho rahisi. Lakini nilidhani tunajadili kilicho bora.

DEREVA WA NJIA: Tujadili ubora basi. Ukiipunguza mwendo mota ya raundi chache kwa gia, gari likitembea mwendo wa mtu mota inazunguka maelfu kwa maelfu. Kaboni inaliwa kwa mizunguko. Bushi zinaliwa kwa mizunguko. Yangu inafika kilele kilekile ikiwa imezunguka nusu. Halafu kuna uzito wa amecha. Ni chuma na shaba, na ikizunguka kasi haitaki kusimama. Tairi iliyokuwa inateleza ikishika ghafla kwenye ufa wa jiwe, mzunguko wote ule unatafuta pa kwenda, na unakwenda kwenye jino la krauni. Tena haupandi taratibu: gia zikiwa maradufu, uzito wa amecha unavyosikika kwenye tairi unakuwa mara nne. Waliookota meno ya gia ndani ya ekseli zao wananielewa.

MSUKA MOTA: Hapo umenishika, sina cha kupinga. Ila hiyo mara nne yako mimi naitumia kwenye mteremko. Magari haya hayana breki kwenye tairi. Mota ndiyo breki. Ukiachia triga, kidhibiti kinaziunganisha nyaya zake mbili, na mota inayosukumwa na tairi inaanza kuzalisha umeme unaoupinga mzunguko wake. Watu wanasema ya raundi nyingi inashika zaidi. Kwa kopo lilelile si kweli. Raundi zikiwa maradufu, volti inazozalisha ni maradufu, upinzani ni mara nne, ampea zimebaki nusu, torki kwa ampea ni maradufu, umerudi ulipoanzia. Gia hairudi ilipoanzia. Ongeza gia maradufu, breki kwenye tairi ni mara nne, na gari lililoinamisha pua kwenye mteremko linashuka kwa robo ya mwendo.

MSHINDANI: Linashuka. Hilo neno ndilo linaloniudhi, kwa sababu breki ya namna hiyo haiwezi kulisimamisha gari moja kwa moja. Mota isipozunguka haizalishi, isipozalisha haipingi. Kinacholishikilia gari pale ni msuguano wa gia na mvuto wa sumaku kwenye mikono ya amecha, basi. Na huo mvuto ni rafiki mbaya. Amecha ya kawaida ina mikono mitatu. Izungushe kwa vidole, utaisikia ikijikwaa mara sita kwa kila mzunguko. Unapotaka ile sentimita moja, mota inaruka kutoka mkwao mmoja hadi mwingine. Hicho ndicho kiherehere alichokisema mwenzetu mwanzoni. Raundi zina sehemu yake, lakini mikono mitatu ina sehemu kubwa kuliko anavyodhani.

DEREVA WA NJIA: Ndiyo maana kuna amecha za mikono mitano.

MSHINDANI: Zipo, na ninazipenda. Zinajikwaa mara kumi, kila mkwao ukiwa mdogo, na zinaondoka laini. Lakini ukinunua ya mikono mitano, namba yako ya raundi inapoteza maana. Raundi huhesabiwa kwa mkono mmoja. Mikono mitano yenye raundi 20 kila mmoja haizunguki kama mitatu yenye raundi 20; inakwenda polepole zaidi, karibu na ya mikono mitatu yenye raundi thelathini na kitu.

MWENYE DUKA: Mnaona kazi yangu? Mteja anashika boksi lenye 20 mkono huu, lenye 35 mkono huu, ananiuliza kwa nini ile ya 20 ni ghali na mimi nasema inatambaa vizuri kuliko ya 35. Anadhani nataka kumwibia. Akigeuka anaona mota ya gari dogo la moja kwa 24, imeandikwa raundi zaidi ya 80, na gari linakimbia. Kopo dogo lina sumaku ndogo, kwa hiyo linahitaji raundi nyingi kupata mwendo ambao kopo la 540 linaupata kwa chache. Namba zinafanana sura tu.

MSUKA MOTA: Na hata kopo likiwa moja, raundi 55 za viwanda viwili si kitu kimoja. Anayesuka kwa mkono, akipanga waya mmoja mmoja, anaingiza shaba nyingi kuliko mashine inayorusha tu. Waya ukizidi kuwa mwembamba, rangi ya kuuhami inakula sehemu kubwa zaidi ya nafasi. 

MSHINDANI: Kwa hiyo tuziache raundi! Mimi nimehamia kwenye mota zisizo na kaboni. Zile za kwanza nilizikataa kama nyinyi, zilikuwa zikitetemeka kuondoka, na zisizo na sensa zilikuwa balaa. Sasa kuna hizi ambazo zinajua rota iko nyuzi ngapi kila wakati na kuupanga umeme kwa ulaini kuifuata. Fusion ya Hobbywing imeweka mota na kidhibiti ndani ya kopo moja la 540. Haina raundi za kubishania. Ina namba ya mizunguko kwa kila volti, 1200 au 1800. Chukua ya 1800, ipe volti 11.1: unayo mizunguko karibu 20,000 ukibana triga yote, na ukigusa tu inatambaa kwa mizunguko michache bila kujikwaa. Tena inaweza kusukumana na mteremko ikiwa imesimama, kwa sababu haisubiri kuzungushwa ndipo ipinge. Yale mliyokuwa mkichagua kati yake, upole au kasi, nimepata yote.

DEREVA WA NJIA: Kwa bei ya mota kadhaa za kwangu.

MSHINDANI: Kwa bei hiyo, ndiyo. Mota tano za raundi 55 zilizokufa kwenye tope ni kiasi gani?

DEREVA WA NJIA: Zangu hazifi tano. Nikivuka kijito nafika nyumbani napuliza maji, natia mafuta kwenye bushi, naizungusha ikauke.

MWENYE DUKA: Wewe ni mmoja. Wengine wananiletea kopo limejaa kutu na kaboni imebaki kipande. Maji yakiingia, kaboni inalika haraka mno, na mchanga ukiingia pamoja nayo komyuteta inachimbika. Hapo dada ana haki.

DEREVA WA NJIA: Lakini mota na kidhibiti vikiwa kopo moja, kimoja kikifa vyote vimekufa. Mimi kidhibiti changu cha Hobbywing, ile 1080 ya mota za kaboni, kimeshazika mota na bado kinafanya kazi. Nachagua nguvu ya breki, nachagua namna kinavyoondoka, na mota ikichoka nabadilisha kipande kimoja kando ya njia nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Gari la porini linapimwa na kurudi nyumbani.

MSHINDANI: Porini gani? Hilo nalo hatujalisema. Kwenye miamba ya Moab, kule Utah, jiwe ni la mchanga na linashika tairi hata mteremko ukiwa mkali kuliko unavyoamini. Pale nakubali, raundi 55, hata 80, hakuna anayehitaji kasi. Nenda kaskazini-magharibi, Washington au Oregon, msituni, jiwe limevaa kuvu na tope limejaa kwenye meno ya tairi. Tairi isipozunguka kasi ya kulitupa tope, inabaki mviringo mtupu. Au ukute kingo iliyojikunja ndani, gari limesimama wima na tairi za mbele zinaparuza hewa: unahitaji msukumo mmoja wa ghafla. Mwenye raundi 80 anabana triga mpaka mwisho na hakuna kinachokuja. Nimewaona wakisubiri.

DEREVA WA NJIA: Mimi nimesema 55. Mwenye 80 ajitetee mwenyewe.

MSUKA MOTA: Tena hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Hoja yako nzuri kuliko zote hujaitoa bado, nami nitakutolea: volti. Achana na betri ya 7.4, weka ya 11.1. Mota ya raundi 55 sasa inazunguka karibu kama ya 37 ingezunguka kwenye ile ya kwanza. Kasi ya kutupa tope umeipata, ampea zimebaki chache, kaboni zinapumua, na kwenye mguso wa kwanza wa triga bado kuna raundi 55 za kutuliza umeme. Raundi nyingi peke yake nazipinga. Raundi nyingi na volti nyingi ni mota nzuri.

DEREVA WA NJIA: Kwa hiyo umekuja upande wangu.

MSUKA MOTA: Nimekuja na pinioni yangu mfukoni. Volti zikipanda ndipo pinioni ndogo inapozidi kuwa na maana, kwa sababu sasa kasi unayo ya kuchezea.

MSHINDANI: Na uzito? Betri ya 11.1 yenye uwezo uleule ina seli ya tatu. Kwenye gari ambalo tunatoa gramu juu na kuongeza gramu chini kwenye rimu ili lisipinduke, seli moja ukiiweka pabaya inakugharimu mteremko mzima wa pembeni. Ndogo, iwekwe mbele, chini kabisa, na uwezo upungue. Dereva atasema haitoshi safari.

DEREVA WA NJIA: Haitoshi safari. Nabeba mbili.

MWENYE DUKA: Niwape mteja wa kweli, wa aina anayekuja kila wiki, tumalize maneno. Ana gari la giaboksi moja, pinioni ya meno 14, mota ya raundi 27, betri ya 7.4. Analalamika linaruka. Mfukoni ana dola 30. Nimpe nini?

DEREVA WA NJIA: Mota ya raundi 55, na chenji.

MSUKA MOTA: Pinioni ya meno 10. Chenji kubwa zaidi.

MSHINDANI: Mwambie aweke akiba.

MWENYE DUKA: Dada, mwenye dola 30 leo anataka kuondoka na kitu leo.

MSUKA MOTA: Basi pinioni. Piga hesabu: meno 14 kwenda 10, kwa mwendo wa juu kabisa ni sawa na kumpa mota ya raundi 38 hivi bila kugusa pinioni. Kiherehere kimepungua, nguvu ya kukwama imepanda badala ya kushuka.

DEREVA WA NJIA: Raundi 38. Umesikia ulichosema? Umemfikisha karibu nusu ya njia ya kuja kwangu, kwa kelele.

MSUKA MOTA: Kwa dola saba au nane.

DEREVA WA NJIA: Na mota bado inajikwaa mara sita, bado kaboni yake inabeba ampea nyingi kuliko za raundi 55, na amecha inazunguka kasi zaidi ya jana kwa mwendo uleule. Akirudi Jumamosi ameshika jino la krauni kiganjani, nani atamlipa?

MWENYE DUKA: Jino la krauni ninalo kwenye rafu.

MSUKA MOTA: Muulize kwanza triga alikuwa ameibana kiasi gani.